Master Sword: mwongozo kamili wa kuung'oa, kuutumia na kuukomaza katika Breath of the Wild

Master Sword haung'oki kwenye jiwe lake mpaka uwe na mioyo 13, ile inayopima uhai wako katika mchezo. Hilo ndilo sharti, na makosa mengi ya wachezaji wa mchezo wa video wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild kuhusu upanga huu hutokana na kulijua wakiwa wamechelewa. Mara yangu ya kwanza nilifika mbele yake nikiwa na mioyo saba. Nilikuwa nimehangaika na ukungu wa msituni muda mrefu, nikaupata, nikaushika mpini, kisha nikatazama mioyo yangu ikizimika mmoja baada ya mwingine na upanga hata haukutikisika. Nikauachia. Nilirudi baadaye sana nikiwa nimezunguka nusu ya Hyrule, nchi ya mchezo huu, na siku ulipotoka macho yalinilenga machozi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza mchezo leo, na pia wa yule aliyekwishaanza lakini hajui kama atafute mioyo au stamina (pumzi ya kupanda, kukimbia na kuogelea), aende msituni sasa au asubiri. Mwishoni nimeweka sehemu fupi ya Tears of the Kingdom, kwa sababu huko upanga ni uleule lakini bei yake ni nyingine.

Upanga unaodai bei

Tangu ulipoonekana mara ya kwanza mwaka 1991 katika A Link to the Past, upanga huu haujawahi kuokotwa bure. Katika mchezo ule ulikuwa msituni, na ili kuuchomoa ilibidi Link, shujaa unayemchezesha, awe na vidani vitatu: cha ujasiri, cha nguvu na cha hekima. Mwaka 1998, katika Ocarina of Time, ulihitaji mawe matatu ya kiroho kufungua mlango wa chumba chake katika Temple of Time, na alipouchomoa Link alilala miaka saba. Katika The Wind Waker aliuchukua chini ya bahari akakuta nguvu zake zimekwisha, ikabidi azirudishe kwa msaada wa Medli na Makar. Skyward Sword ya mwaka 2011 ilisimulia asili yake: ulianza ukiwa Goddess Sword, ukakaa ndani yake roho iitwayo Fi, na ukakomazwa kwa miali mitatu mitakatifu.

Breath of the Wild ilipotoka tarehe 3 Machi 2017, watengenezaji wake walifanya jambo ambalo bado naliona la busara kubwa. Hawakuweka ufunguo wala kidani. Upanga unakupima wewe mwenyewe: umepita wapi, umetatua nini, umeshinda nani. Mioyo 13 ni daftari la safari yako. Ukilielewa hilo utaacha kuutafuta kwa pupa, na utauona mchezo wote kuwa njia ya kwenda kwake.

Hatua ya kwanza: piga hesabu

Unaanza na mioyo mitatu. Unahitaji 13. Pengo ni mioyo 10, na kuna njia mbili za kuipata.

Njia ya kwanza ni vihekalu, vyumba vya mafumbo na majaribio vilivyotawanyika kote. Kila kihekalu unachokikamilisha kinakupa tufe moja la roho, na matufe manne hubadilishwa mbele ya sanamu ya mungu wa kike Hylia kwa moyo mmoja au kwa kipande kimoja cha stamina. Mchezo wa awali una vihekalu 120. Njia ya pili ni zile Divine Beast nne, mashine kubwa zenye umbo la wanyama. Ukiikomboa moja, unapewa moyo mmoja papo hapo bila kutoa tufe.

Kwa hiyo:

- Bila Divine Beast hata moja: vihekalu 40.
- Ukikomboa moja: vihekalu 36.
- Ukikomboa mbili: 32.
- Ukikomboa tatu: 28.
- Ukikomboa zote nne: 24.

Vile vinne vya Great Plateau, unakoanzia mchezo, vimo ndani ya hesabu hiyo. Hesabu hii pia inachukulia kwamba kila tufe unalitumia kwa moyo. Ukinunua stamina mara moja umesogeza mwisho wa safari kwa vihekalu vinne, isipokuwa utumie ile sanamu ya Hateno nitakayoieleza baadaye.

Ushauri wangu ni kukomboa Divine Beast mbili na kukamilisha vihekalu 32. Ukizimaliza zote nne kabla ya kuchukua upanga, umejinyima nafasi ya kuutumia dhidi ya maadui ambao hasa ulifuliwa kwa ajili yao. Ukikusanya 40 bila Divine Beast yoyote, utakosa uwezo wa mashujaa wanne ambao ungekurahisishia kazi njia nzima.

Mioyo ya njano haihesabiwi. Ukipika tunda kama Hearty Durian unapata mioyo ya ziada ya njano juu ya ile yako, na wengi hudhani hiyo ni njia ya mkato. Upanga unaangalia mioyo ya kudumu peke yake.

Hatua ya pili: matufe ya mwanzo

Great Plateau itakuchukua kwa mkono. Vihekalu vyake vinne vinakupa nyenzo zako: Oman Au inakupa sumaku ya Magnesis, Ja Baij mabomu, Owa Daim ule uwezo wa kusimamisha vitu kwa muda uitwao Stasis, na Keh Namut nguzo za barafu za Cryonis. Ukishapewa paraglaida, ruka ushuke na ufuate barabara ya mashariki kuelekea milima pacha ya Dueling Peaks, kisha Kakariko, kisha Hateno. Nimejaribu kuanza na pande nyingine za ramani na mara zote nimerudi kwenye njia hii, kwa kuwa ina vihekalu vingi karibukaribu na maadui wake hawaumizi sana.

Juu ya Dueling Peaks kuna vihekalu viwili, Shee Venath na Shee Vaneer, kimoja kila kilele. Ndani ya kila kimoja utakuta mipira imepangwa kwenye mashimo, na jibu la kimoja limo ndani ya chenzake. Ingia cha kwanza, piga picha ya mpangilio kwa simu yako au uuchore kwenye karatasi, usiguse kitu, kisha nenda cha pili. Pale Hateno kuna kihekalu cha Myahm Agana, chenye ubao wa vichochoro na mpira unaouongoza kwa kuinamisha kidhibiti. Badala ya kuhangaika na vichochoro, geuza kidhibiti chini juu. Upande wa nyuma wa ubao ni tambarare, na mpira utateleza moja kwa moja.

Nje ya eneo hilo, mambo machache yatakuokolea muda mwingi. Panda kila mnara unaoupita. Iko 15 na kila mmoja unafungua sehemu yake ya ramani. Simama juu yake, zungusha darubini ya Sheikah Slate, kile kibao unachobeba, na uweke alama kila unapoona kihekalu. Karibu kila banda la farasi lina kihekalu jirani, kwa hiyo ukiona kichwa kikubwa cha farasi juu ya hema, usipite bila kutazama pembeni. Na ukiingia kihekalu ukakuta hakuna fumbo, ni mlinzi mmoja wa chuma anayekusubiri kupigana, soma jina lake kwanza. Majaribio ya nguvu yana viwango vitatu. Kile kidogo unaweza kukimaliza mapema kwa silaha za kawaida, lakini kile kikubwa kitakula panga zako zote bila faida. Toka nje, kihekalu kitabaki kwenye ramani kama kituo cha kurukia, nawe utarudi ukiwa tayari.

Kuna pia vihekalu ambavyo ndani havina chochote zaidi ya sanduku na tufe. Hivyo ni vile ambavyo kuvifikia ndiko mtihani wenyewe. Vipende hivyo.

Hatua ya tatu: Divine Beast zipi, na kwa nini

Anza na Vah Ruta. Ukipita kaskazini ya Kakariko utakutana na habari za Sidon, mwana wa mfalme wa Wazora, watu wa majini, na ataifanya njia yote hiyo iwe hadithi nzuri. Utatakiwa kukusanya mishale 20 ya umeme juu ya mlima Ploymus, na kule analinda Lynel, adui ambaye kwa wakati huo atakuangusha kwa pigo moja au mawili. Huna haja ya kupigana naye. Mishale imechomekwa kwenye miti na mawe. Inama, nyata, kusanya, kisha ruka kwa paraglaida kuelekea bwawa la mashariki. Ndani ya Ruta, adui wa mwisho atakurushia mabonge ya barafu. Yavunje kwa Cryonis kabla hayajakufikia. Zawadi yako ni Mipha's Grace, inayokufufua na mioyo yote ukianguka, kisha hujijaza tena baada ya dakika 24. Kwa mtu anayeendelea kutafuta mioyo, sijui zawadi bora kuliko hiyo.

Ya pili, Vah Medoh, upande wa Warito, watu wenye umbo la ndege, kaskazini magharibi. Kuna baridi kali, kwa hiyo nunua mavazi ya manyoya hapo kijijini kwao. Safari yake ni fupi kuliko nyingine zote, na zawadi yake, Revali's Gale, inakuinua juu angani kila inapojijaza. Kuanzia hapo milima haitakuwa kikwazo tena, na vihekalu vilivyo vileleni vitakuja kwa kasi ambayo hukuizoea.

Vah Rudania na Vah Naboris zisubiri. Rudania inataka dawa au mavazi ya kuzuia kuungua, hiyo si shida kubwa. Naboris ndiyo ngumu: lazima kwanza uingie Gerudo Town, mji wa wanawake, ukiwa umevaa mavazi ya kike, kisha uibe kofia ya ngurumo kutoka maficho ya genge la Yiga kwa kunyata, na mwisho ukabiliane na Thunderblight Ganon, adui aliyemo ndani yake, mwepesi kuliko wenzake wote. Ukimkuta huku Master Sword umo mkononi mwako, utashukuru uliusubiri.

Hatua ya nne: sanamu ya Hateno

Wengi hawaijui sehemu hii, na ndiyo iliyonifundisha kutokuogopa kutumia matufe kwa stamina.

Katika kijiji cha Hateno kuna sanamu ndogo yenye pembe, imejificha gizani, na mtoto mmoja wa kijijini huzungumza habari zake. Ukiongea nayo itakunyang'anya kitu kwanza, kisha itakubali kufanya biashara nawe. Inanunua moyo mmoja au kipande kimoja cha stamina kwa Rupee 100 (fedha za mchezo), na inakuuzia ukitakacho kwa Rupee 120. Hasara yako ni Rupee 20 kwa kila badiliko.

Maana yake ni hii. Unaweza kutembea mchezo mzima ukiwa na stamina nyingi, ukipanda na kuogelea bila kuchoka, mradi jumla ya vyote ulivyopata ifikie mioyo 10 ya ziada. Siku ya kwenda msituni, pitia Hateno, uza stamina, nunua mioyo, nenda ung'oe upanga. Kisha rudi ubadilishe tena. Ukibadilisha vitu vinne, unapoteza Rupee 80 kwenda na 80 kurudi. Hizo utazipata kwa kuuza vito vichache.

Binafsi, vihekalu vyangu vya mwanzo huviweka kwenye stamina mpaka nifikishe karibu gurudumu moja na nusu, kisha kila kitu mioyo.

Hatua ya tano: kuvuka Lost Woods

Usisubiri kufikisha mioyo 13 ndipo uende. Nenda mapema, hata ukiwa na mioyo mitano, kwa sababu moja kubwa: ndani ya Korok Forest kuna kihekalu kiitwacho Keo Ruug. Ukishakiamsha, siku ya upanga utaruka moja kwa moja bila kuuona ukungu tena.

Msitu wenyewe upo kaskazini ya Hyrule Castle. Kituo kizuri cha kuanzia ni Woodland Stable. Lala hapo, jaza mioyo, kisha ufuate barabara mpaka kwenye lango la mawe yaliyobomoka ambapo ukungu unaanza na mwenge unawaka. Usijaribu kuingia kwa kuruka kutoka juu. Ukungu utakurudisha.

Ukungu huu hauui. Ukipotea njia unazidi kuwa mweupe, vicheko vinasikika, skrini nzima inafunikwa, na unajikuta tena langoni. Unachopoteza ni muda. Kwa hiyo tulia, na fanya hivi.

Kutoka langoni, tazama mbele utaona mwenge mwingine unawaka. Utembelee. Ukifika, simama, zungusha kamera polepole, tafuta unaofuata. Endelea hivyo, mwenge hadi mwenge, bila kukata kona. Miti yenye nyuso zilizoachama vinywa itakuvuta macho, ipuuze kwanza.

Utafika mahali penye mienge miwili karibukaribu, na baada yake hakuna mwingine unaoonekana. Hapo ndipo wengi hukwama. Chukua mwenge wa mkononi (upo mmoja chini hapo, lakini mimi huja na wangu) na uuwashe kwenye moto. Sasa tazama cheche. Upepo unazipeleka upande mmoja, na huko ndiko njia iliko.

Usikimbie. Ukikimbia, moto unavutwa nyuma na mwendo wako na huwezi kusoma upepo. Tembea hatua chache, simama kabisa, subiri cheche zitulie na zionyeshe upande, kisha tembea tena. Upepo hubadilika, na njia inapinda pamoja nao. Ukiona ukungu unaanza kukuzunguka, rudi nyuma mara moja kwa njia uliyojia mpaka uone vizuri, kisha soma upepo upya. Nilipoacha kubahatisha na kuanza kusimama kila baada ya hatua kama kumi, nilivuka mara moja.

Utajua umefika ukungu utakapofunguka ghafla, mwanga wa kijani ukamiminika, na mbele yako Mti Mkuu wa Deku ukasimama kama mlima. Upanga uko chini yake. Kabla ya lolote, kimbilia Keo Ruug ukiamshe.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Jaza mioyo yote. Ndani ya Mti Mkuu Wakorok, viumbe wadogo wa msituni, wana kitanda, lala hapo. Tunza mchezo wako kwenye nafasi mpya kwa mkono wako mwenyewe, usitegemee ule utunzaji wa mashine. Kisha simama mbele ya upanga na ushikilie kitufe cha A bila kukiachia.

Mioyo itaanza kuzimika. Ikiwa huna 13, achia kitufe kabla haijaisha. Ikiwa unayo 13, shikilia, hata pale moyo wa mwisho unapobaki kipande na mkono wako unataka kulegea. Mchezo umepangwa ili ufike ukingoni kabisa. Usiachie.

Baada yake itakuja kumbukumbu: binti mfalme Zelda, miaka 100 iliyopita, akiuleta upanga huu uliochoka mbele ya Mti Mkuu baada ya Link kuanguka akipigana na Guardian (mashine za vita) na kupelekwa Shrine of Resurrection. Anataka kuacha ujumbe kwa Link, na Mti Mkuu unamshauri ausubiri siku atakapousema kwa sauti yake mwenyewe. Usiiruke. Kazi yote ya vihekalu inapata maana yake hapo.

Kuutumia bila kuuchosha

Silaha nyingine karibu zote za mchezo huu huvunjika. Master Sword hauvunjiki. Unachoka, unapotea mkononi, na baada ya dakika 10 unarudi ukiwa mzima. Hiyo ndiyo thamani yake halisi, kwa maana nguvu yake ya kawaida ni 30 tu, na kufikia wakati huo huenda unazo panga zenye 40 au 50. Nimesikia watu wakilalamika kwamba walitaabika bure. Hawakuutumia mahali pake.

Karibu na Guardian, ndani ya Divine Beast mbele ya wale Ganon wanne wadogo, na mbele ya Calamity Ganon mwenyewe, adui mkuu wa mchezo, upanga unawaka rangi ya buluu na nguvu yake inapanda hadi 60. Ukiwaka unadumu pia muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: kwa maadui wa kawaida kama Bokoblin natumia silaha za kuokota, na Master Sword nauweka kwa Guardian. Ukiwa umebaki na nafasi moja tu ya silaha na adui mkubwa yuko njiani, usiuchoshe kwa kukata miti au kuvunja mawe. Mabomu yanafanya kazi hiyo bila gharama.

Kitufe cha kurusha silaha, R, hakirushi upanga huu. Mioyo yako ikiwa imejaa, unatoa mwale wa mwanga unaoruka mbele na kumpiga adui kwa mbali. Ni mzuri kwa maadui wanaoelea, lakini kila mwale unapunguza uhai wa upanga. Vyakula vya kuongeza nguvu ya pigo, kama vile vinavyopikwa kwa Mighty Bananas, vinaongeza nguvu ya upanga huu pia. Pika vitano kabla ya pambano lolote kubwa.

Trial of the Sword

Nyongeza ya kulipia iliyotoka Juni 2017 ilileta jaribio la kuukomaza upanga, na kwangu ndilo pambano gumu kuliko yote katika mchezo huu. Unarudi Korok Forest, unasimama mbele ya jiwe ulipoung'oa, na unaingia mahali ambapo unavuliwa kila kitu: nguo, silaha, ngao, chakula. Unabaki na nyenzo za Sheikah Slate na akili yako. Jaribio lina sehemu tatu, za mwanzo, za kati na za mwisho. Kila sehemu ukiimaliza, nguvu ya upanga inapanda: 40, kisha 50, kisha 60. Ukimaliza zote, unawaka wakati wote, hata mbele ya Bokoblin. Ukianguka ghorofa yoyote, sehemu hiyo unaianza upya, na huwezi kutunza mchezo katikati.

Yaliyonivusha ni haya. Athari ya chakula ulichokula nje inaingia nawe ndani, basi kabla ya kuanza pika chakula cha kuongeza pigo kwa kiwango cha tatu ukichanganya na kipande cha pembe ya joka, kitadumu dakika 30. Kula, kisha ingia mara moja. Ndani, kata kila mti unaoweza kukatika ili upate kuni, kwani moto wa kuni unakuchomea nyama na uyoga. Nyata panapowezekana, pigo la kushtukiza kutoka nyuma ni kubwa mara nyingi kuliko la uso kwa uso. Silaha nzuri zisikuvutie kuzitumia mapema. Ghorofa za mwanzo zimalize kwa mabomu na marungu mabovu, na mishale uitunze kama mboni ya jicho. Kwenye ghorofa za mapumziko kuna sufuria, pika kila ulichonacho kabla ya kupanda.

Na usiingie sehemu ya pili siku ileile uliyomaliza ya kwanza. Uchovu wa macho ndio uliokuwa ukiniangusha, kuliko maadui.

Ukihamia Tears of the Kingdom

Katika mwendelezo huu uliotoka tarehe 12 Mei 2023, upanga unaharibika mwanzoni kabisa mbele ya macho yako, na kuupata tena ni safari nyingine. Safari hii haupimi mioyo. Unapima stamina: magurudumu mawili kamili ya kudumu, na ile stamina ya njano ya vyakula haihesabiwi. Unaanza na gurudumu moja, na vipande vitano vinajaza la pili. Kila kipande ni baraka nne za vihekalu (huku baraka ndizo badala ya matufe), yaani vihekalu 20 ukivitumia kwa stamina peke yake. Sanamu yenye pembe ipo pia huku, sasa iko njia ya siri chini ya Lookout Landing, na bei zake hazijabadilika: inanunua kwa 100 na kuuza kwa 120.

Upanga hauko msituni. Uko kichwani mwa joka la mwanga linalozunguka angani juu ya Hyrule yote. Ukimkomboa Mti Mkuu wa Deku, ambao huku umeingiwa na uovu kutoka chini ya ardhi, alama ya joka itatokea kwenye ramani yako. Njia nyingine ni kufuata michoro mikubwa iliyochorwa ardhini na kuzitazama kumbukumbu zake zote, na ningekuomba uifuate hii hata kama ile ya kwanza inaonekana fupi. Ukijua joka lile lilikotoka, hutaupanda mgongo wake kwa namna ileile.

Ili kulifikia, tafuta mnara ulio mbele ya njia yake, rushwa juu, kaa juu zaidi ya joka, kisha shuka taratibu mpaka utue mgongoni. Halikushambulii. Tembea mpaka kichwani, simama mbele ya mpini, hakikisha gurudumu la stamina limejaa, shikilia A. Gurudumu litapungua kama vile mioyo ilivyopungua. Shikilia tu.